Njia Tunazozikatia Miti

Msumeno wa watu wawili hautaki nguvu nyingi, unataka subira. Wewe unavuta, unaachia, kisha mwenzako anavuta. Ukijaribu kuusukuma, bamba lake linajipinda na kukwama ndani ya gogo. Meno yakiwa yamenolewa barabara, hutoa nyuzi ndefu za mbao zinazodondokea viatuni kama tambi, na wazee wa kazi hii huziokota na kuzipima kwa vidole ili wajue kama msumeno bado uko sawa. Asubuhi hiyo tulikuwa tunakata msonobari uliouawa na mbawakavu wa magome, ambao ulikuwa umeanguka na kuziba njia ya kwenda Ants Basin, katika milima ya White Clouds, jimbo la Idaho. Tulikuwa tumegongelea kabari mbili juu ya mkato ili gogo lisiubane msumeno. Aliyeshika mpini wa pili alikuwa kijana mzaliwa wa Uvira, ambaye anaishi Boise kama mimi, na ambaye nilikuwa nimemwomba aje kujitolea pamoja nasi.

Alipumzika kidogo, akafuta jasho, akatazama kibao kilichokuwa nyuma yangu, chenye mchoro wa baiskeli uliopigwa mstari.

"Kaka, hapa baiskeli yako haipiti," akasema. "Sasa miti hii unamkatia nani?"

Nilimjibu kwamba njia ni ya watu wote. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, tukaendelea na kazi.

Jibu langu lilikuwa dogo kuliko swali lake. Wiki kadhaa zimepita na swali hilo bado linanirudia, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi waendesha baiskeli wa milimani tumebishana juu yake kwa miaka mingi: tuelekeze nguvu zetu kudai turudishwe tulikotolewa, au tulinde kwanza njia ambazo bado tunaruhusiwa kuzipita?

Jibu ninalo sasa, ila halikuja kwa urahisi.

## Mipaka ya mwaka 2015

Njia mbili ndizo tulizozililia zaidi, Castle Divide na Ants Basin. Castle Divide inapita chini ya Castle Peak, kilele chenye urefu wa futi 11,815, na mtu aliyewahi kuiendesha anakumbuka jinsi mpando wake ulivyomlazimu kushuka na kuikokota baiskeli, kisha mteremko wake ukamlipa. Kilele hicho kina historia ambayo kila mpenda milima wa Idaho anaijua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya ASARCO ilitaka kuchimba madini ya molibdenamu chini yake, na upinzani dhidi ya mgodi huo ulimsaidia Cecil Andrus kushinda ugavana mwaka 1970. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani likaunda Eneo la Taifa la Burudani la Sawtooth, na mgodi haukuchimbwa.

Uhifadhi uliookoa mlima ule ndio uliotupa sisi mahali pa kuendesha. Jambo hilo sipendi kulisahau, hata ninapoandika kwa uchungu.

Ilipofika muongo uliopita, wahifadhi walitaka ulinzi zaidi, na kulikuwa na njia mbili za kuupata. Ya kwanza ilikuwa rais kulitangaza eneo zima kuwa hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, jambo ambalo sheria inamruhusu kulifanya bila kusubiri Bunge. Vyama vya waendesha baiskeli na vyama vya uhifadhi vilikaa pamoja, vikakubaliana kuunga mkono mpango huo kwa sharti kwamba njia za baiskeli zibaki wazi. Yalikuwa makubaliano mazuri, ya watu waliokubali kusikilizana. Njia ya pili ilikuwa muswada wa Mike Simpson, mwakilishi wa Idaho, ambaye alikuwa amehangaika nao kwa zaidi ya muongo mmoja bila mafanikio. Hofu ya tangazo la rais ndiyo iliyowafanya wanasiasa waliokuwa wakiupinga muswada huo waukubali ghafla, na tarehe 7 Agosti 2015 Rais Barack Obama akautia saini. Zaidi ya ekari 275,000 zikawa nyika kwa mujibu wa sheria, yaani ardhi ya umma inayoachwa katika hali yake ya asili, zikagawanywa katika maeneo matatu: White Clouds, Hemingway-Boulders na Jim McClure-Jerry Peak.

Baiskeli hairuhusiwi ndani ya nyika iliyotangazwa kisheria. Castle Divide na Ants Basin zikafungwa kwetu.

Kilichotuuma zaidi kilikuwa namna mipaka ilivyochorwa. Njia ambazo tayari zilikuwa zikitumiwa na pikipiki ziliachwa nje ya mipaka, kwa sababu waendesha pikipiki walikuwa wamekaa mezani tangu mwanzo na walijua kudai chao. Matokeo yake ni kwamba katika milima ileile mwenye injini alibakiwa na njia zake, na sisi tukabaki na haki ya kupita katika njia hizo za pikipiki, lakini njia tulivu ambazo hazikuwa na injini yoyote ndizo tulizonyang'anywa.

## Kanuni iliyobadilika

Wapo wanaosema kwamba suala hili lilimalizwa zamani, tangu Rais Lyndon Johnson alipotia saini Sheria ya Nyika tarehe 3 Septemba 1964. Kweli, sheria hiyo inakataza ndani ya nyika barabara za muda, magari, vifaa vya injini, boti za injini, kutua kwa ndege, na pia usafiri mwingine wowote wa kimakanika. Lakini Howard Zahniser, aliyeandika rasimu yake ya kwanza mwaka 1956 na kuipigania hadi alipofariki miezi michache kabla haijatiwa saini, hakuishi kuiona baiskeli ya milimani. Baiskeli hizi zilizaliwa katika miaka ya 1970, pale vijana wa Marin, California, akina Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, walipokuwa wakiteremka na baiskeli nzito za zamani katika barabara ya vumbi waliyoiita Repack, kwa kuwa breki ya nyuma ilipata moto kiasi cha kuyeyusha grisi yote, na kila baada ya mteremko walilazimika kuifungua habu, kitovu cha gurudumu, na kuijaza grisi upya.

Mwaka 1966 Idara ya Misitu ya Marekani ilifafanua katika kanuni zake kwamba usafiri unaokatazwa ni ule unaoendeshwa na nguvu isiyotoka kwa kiumbe hai. Kwa ufafanuzi huo, mtu anayekanyaga pedali kwa miguu yake mwenyewe hakuwa amevunja chochote. Mwaka 1980 Bunge lilipotangaza nyika ya Rattlesnake, karibu na Missoula, Montana, liliutaja uendeshaji wa baiskeli miongoni mwa matumizi mazuri ya eneo hilo. Baadaye idara ikageuka, na kufikia mwaka 1984 baiskeli zilikuwa zimepigwa marufuku katika nyika zote zilizo chini yake.

Ukisafiri saa chache kaskazini mwa Boise utaikuta nyika ya Frank Church, yenye zaidi ya ekari milioni 2.3. Humo ndege ndogo zinatua katika viwanja vya nyasi vilivyokuwepo tangu zamani, na boti za injini zinapanda mto Salmon, kwa sababu sheria ya mwaka 1980 iliyoitangaza nyika hiyo iliziruhusu waziwazi. Sina ugomvi na marubani wala manahodha wale. Wanatumia mahali walipopatumia wazazi wao, na Bunge liliona kwamba nyika inaweza kuwavumilia bila kupoteza hadhi yake. Ninachouliza ni kwa nini uvumilivu huohuo usimfikie mtu anayepanda mlima kwa pumzi yake, bila mlio, bila mafuta, na bila kuacha kinyesi cha mnyama katika chanzo cha maji.

Hoja hii naiamini hadi leo. Kwa miaka mingi niliiona kuwa inatosha.

## Mambo yaliyonipa mashaka

Hoja ya kwanza tunayopenda kuitoa ni kwamba baiskeli haiharibu njia kuliko kwato au buti. Ushahidi upo. Utafiti wa Wilson na Seney, uliochapishwa mwaka 1994 na kufanywa katika njia za milima ya Montana, ulionyesha kwamba farasi ndio waliolegeza udongo mwingi zaidi, na kwamba magurudumu hayakuwa mabaya kama watu walivyodhani. Anayefanya kazi ya njia anajua pia kwamba adui mkubwa ni maji. Njia iliyokatwa kufuata mteremko moja kwa moja itageuka korongo hata ikipitiwa na mbuzi peke yao, na njia iliyokatwa kwa kuzunguka ubavu wa mlima, ikainamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yatoke kabla hayajapata kasi, itadumu hata ikipitiwa na baiskeli nyingi.

Lakini udongo peke yake si mlima.

Katika Msitu wa Majaribio wa Starkey, Oregon, watafiti waliwavisha elki, wale kulungu wakubwa wa Amerika, kola za kielektroniki ndani ya eneo lenye uzio, kisha wakapitisha watu katika njia kwa zamu: magari madogo ya magurudumu manne, baiskeli, watembea kwa miguu na wapanda farasi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba elki waliwakwepa wote. Waliyakwepa zaidi magari, zikafuatia baiskeli, kisha watembeao na wapanda farasi. Nilipousoma utafiti huo niliuweka pembeni kwa siku kadhaa kabla ya kuusoma tena. Sababu haihitaji mtaalamu. Baiskeli inakwenda mbali kwa siku moja kuliko miguu, na inatokea konani ghafla, kimya, kabla mnyama hajapata harufu. Sifa mbili tunazojivunia, kwenda mbali na kwenda kimya, ndizo zinazomsumbua elki anayenyonyesha ndama wake mwezi Juni.

Kuna pia suala la baiskeli za umeme. Mwezi Agosti 2019 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, ambayo ndiyo inayosimamia hifadhi za taifa na ardhi nyingi ya umma, ilitoa amri iliyofungua mlango kwa baiskeli hizo kupita panapopita baiskeli za kawaida. Idara ya Misitu, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, bado inazihesabu kuwa vyombo vya injini. Ninawajua watu wazima wenye magoti mabovu ambao betri imewarudisha mlimani, na furaha yao nimeiona kwa macho yangu. Hata hivyo, tangu mwanzo tulijitetea kwa kusema kwamba nguvu yetu ni ya misuli. Tukiwa sisi wenyewe tumeanza kusema kwamba injini ndogo haina neno, mpanda farasi anayetutilia shaka ana haki ya kuuliza tutaishia wapi.

Mashaka haya hayakunifanya niikane baiskeli. Yalinifanya nikubali kwamba yapo mabonde ambayo sisi tusipokwenda, hakuna haki iliyovunjwa.

## Waliokuwa huku kabla yetu

Katika mikutano yetu kuna msemo unaorudiwa sana, kwamba tumefukuzwa katika ardhi yetu. Kila nikiusikia huwa nanyamaza, maana nimetoka Kenya na ninajua uzito wa maneno hayo.

Milima hii ilikuwa makazi ya Watukudeka, Washoshone waliowinda kondoo wa mwituni katika miamba ileile tunayoipiga picha. Mwaka 1879 jeshi la Marekani liliendesha vita dhidi yao, na waliobaki walipelekwa kwenye hifadhi ya Wahindi Wekundu ya Fort Hall, kusini mashariki mwa Idaho. Njia kadhaa tunazozigombea zilianza kwa nyayo zao. Msomaji anayejua yaliyowapata Wamaasai wa Serengeti mwaka 1959, walipohamishwa kupisha hifadhi, hahitaji kuongezewa maelezo: hifadhi nyingi duniani, kabla hazijawa tupu, zilifanywa tupu.

Mtu aliyezuiwa kuendesha baiskeli Jumamosi hajafukuzwa. Bado anaweza kuvaa buti na kuingia. Naona kwamba madai yetu yatasikika vizuri zaidi tukiyapima kwa kipimo chake halisi, kwamba ni madai ya kuendelea kutumia njia fulani kwa namna fulani, na tukawaacha wenye historia nzito zaidi wazungumze kwanza.

## Juni 2025

Kilichonibadilisha kabisa kilikuja kutoka Washington.

Mwaka 2016 maseneta wawili wa Utah, Mike Lee na Orrin Hatch, walipeleka muswada ambao ungewapa maofisa wa maeneo mamlaka ya kuamua ni njia zipi za nyika zifunguliwe kwa baiskeli. Ofisa asipoamua ndani ya miaka miwili, njia ingefunguka yenyewe. Mwaka uliofuata Tom McClintock wa California alipeleka muswada unaofanana nao katika Bunge la Wawakilishi, na mwezi Desemba 2017 ukapita katika kamati. Sustainable Trails Coalition, chama kilichoanzishwa kwa ajili ya jambo hilo, kilishangilia. IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli wa milimani kilichokuwepo tangu mwaka 1988, kilikataa kuuunga mkono, na wengi wetu tukakiita kioga. Miswada hiyo haikufika popote, ingawa Lee aliendelea kuirudisha.

Kisha, mwezi Juni 2025, seneta huyohuyo Lee, sasa akiwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayoshughulikia nishati na maliasili, akaingiza katika muswada mkubwa wa bajeti kifungu cha kulazimisha kuuzwa kwa zaidi ya ekari milioni 2 za ardhi ya umma katika majimbo 11 ya magharibi, Idaho likiwemo. Ramani zilianza kuzunguka kwenye simu zetu. Zilionyesha ardhi ambayo ingeweza kuuzwa, na ndani yake kulikuwa na vilima tunavyoendesha kila jioni.

Seneta aliyetuahidi nyika alikuwa tayari kuuza vilima.

Majuma yale sitayasahau. Wawindaji, wavuvi, wapanda farasi, waendesha pikipiki, wapanda miamba na watembeaji waliotushtaki kwa miaka kwamba tunawarukia konani, wote walipiga simu katika ofisi zilezile. Maseneta wa Idaho, Mike Crapo na Jim Risch, ambao ni wa chama kimoja na Lee, walisema hawatakiunga mkono kifungu hicho. Katika Bunge la Wawakilishi, wabunge watano wa chama hicho walitangaza kwamba kifungu kikibaki, wao hawataupigia kura muswada mzima. Mmoja wao alikuwa Mike Simpson. Mtu ambaye sheria yake ilitufungia Castle Divide alisimama mlangoni kuzuia ardhi isiuzwe, na tarehe 28 Juni Lee akakiondoa kifungu chake.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Njia iliyofungwa kwa baiskeli katika ardhi ya umma inaweza kujadiliwa tena na kizazi kijacho. Njia iliyomo katika shamba la mtu binafsi huwekewa lango na kufuli, na mjadala unaishia hapo. Wakenya tulijifunza hilo Karura. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwezi Januari 1999 kwa kupinga kugawiwa kwa msitu ule kwa wajenzi wa nyumba, na leo wakazi wa Nairobi wanaendesha baiskeli chini ya miti ambayo ingekuwa kuta. Hakuna aliyeulizwa wakati ule kama baiskeli zitaruhusiwa. Swali la kwanza lilikuwa kama msitu utabaki wa umma.

Kwa sababu hiyo siungi mkono tena kuifungua Sheria ya Nyika ili itubadilikie. Bado naona kanuni ya mwaka 1984 haikuwa ya haki kwetu. Lakini sheria iliyodumu tangu mwaka 1964 ikishafunguliwa katika Bunge la namna hii, watakaoingia na kalamu zao si waendesha baiskeli peke yao. Watakuwepo pia wachimba madini na wauza viwanja, nao wana kalamu nzito kuliko zetu.

## Mstari kabla haujakauka

Mapambano yenye tija, kwa maoni yangu, ni ya mipaka mipya, wakati ramani bado ni rasimu.

Mfano ninaoupenda uko Colorado, karibu na mji wa Durango. Bonde la Hermosa lina njia ya baiskeli inayofuata kijito kwa takriban maili 20, na pia lina mabonde ya pembeni yenye maji safi na samaki wa asili. Wahifadhi, wafugaji, mamlaka za maji, wavuvi, waendesha pikipiki na waendesha baiskeli walikaa pamoja kwa miaka kadhaa. Sheria iliyopitishwa mwezi Desemba 2014 ilitangaza takriban ekari 37,000 kuwa nyika, na takriban ekari 70,000 nyingine kuwa eneo la usimamizi maalumu, ambamo baiskeli zinaendelea kupita. Bonde zima limelindwa, na njia haikufungwa. Virginia nako, mwaka 2009, sheria moja ilitangaza nyika mpya na kando yake ikaunda maeneo ya mandhari ya taifa, ili njia za baiskeli zibaki upande unaoziruhusu. Mara nyingine kinachohitajika ni kuusogeza mpaka hatua chache kutoka kwenye njia.

Kinyume chake ni Bitterroot, Montana. Mpango wa safari uliotolewa na msitu huo wa taifa mwaka 2016 ulifunga njia nyingi kwa baiskeli ndani ya maeneo ambayo Bunge halijayatangaza kuwa nyika. Yamependekezwa tu, au yametengwa kwa uchunguzi. Hapa naamini tuna haki ya kupaza sauti. Pendekezo linaweza kukaa miaka 40 bila Bunge kuligusa, na njia isiyopitiwa na mtu katika milima yenye misonobari iliyokufa haikai miaka 40. Inamezwa. Wanaojitolea na misumeno yao hupungua pale wanapoambiwa kwamba hawatakiwi, na ndani ya nyika hata mafundi wa serikali hawaruhusiwi kutumia msumeno wa injini bila kibali maalumu, hivyo mti mmoja ambao ungeondolewa kwa dakika chache unachukua sehemu kubwa ya asubuhi.

Nyumbani hapa Boise tumejaribu kitu kingine. Vilima vilivyo juu ya mji viliokolewa kwa kodi ambayo wapigakura walikubali kujitoza wenyewe, dola milioni 10 mwaka 2001 na kiasi kama hicho tena mwaka 2015. Njia zikajaa watu, na malalamiko yakaongezeka. Katika Lower Hulls Gulch, korongo jembamba ambamo mtembeaji hana pa kujibanza baiskeli inaposhuka, wasimamizi waligawa siku: tarehe shufwa ni za baiskeli zinazoteremka, na tarehe witiri ni za watembea kwa miguu, wapanda farasi na baiskeli zinazopanda. Baadhi yetu walinung'unika. Mimi nimeona mama na watoto wake wakitembea humo tarehe witiri bila kugeuza shingo kila wanapofika konani, na tarehe shufwa ninateremka bila hofu ya kumgonga mtu. Sioni kwa nini busara hiyo isipelekwe milimani: njia fulani ifungwe kwa majuma ambayo elki wanazaa, ifunguliwe baada ya hapo, njia fulani iwe ya siku maalumu, bonde fulani liachwe kabisa.

## Kwa wanaoishi huku

Baadhi ya wasomaji wa blogu hii wako Idaho, Montana, Colorado na Utah, na wengi mmeniambia kwamba mambo ya misitu mnayaona kuwa ya wenyeji. Nawaomba myatazame tena. Kila msitu wa taifa una mpango wake wa usimamizi, ambao huandikwa upya baada ya miaka mingi, na humo ndimo maeneo yanapopendekezwa kuwa nyika. Wakati wa kuuandika, umma hualikwa kutoa maoni, na hakuna anayeulizwa hati ya uraia. Kanuni zina sharti moja ambalo limewakwamisha wengi: anayetaka kuweka pingamizi mwishoni lazima awe alitoa maoni rasmi katika hatua za awali. Aliyekaa kimya rasimu ilipotoka hasikilizwi uamuzi unapokaribia.

Maoni yenye nguvu huwa mahususi. Sema jina na namba ya njia. Eleza kipande unachokitumia, kutoka daraja lipi hadi makutano yapi, katika mwezi gani, na umefanya kazi gani ya kuitunza. Kama unaona mpaka usogezwe, onyesha usogezwe hadi wapi, na utaje pia bonde ambalo wewe mwenyewe unakubali liwe nyika, maana maofisa wamechoka kusoma barua za watu wanaotaka kila kitu. Mwezi Novemba tutakutana Boise kuandika maoni hayo kwa pamoja. Atakayependa kuandika kwanza kwa Kiswahili aje hivyo hivyo, tutasaidiana kuyaweka kwa Kiingereza kabla ya kuyatuma. Ramani za rasimu zitakuwa mezani, na anayejua njia moja tu vizuri anatosha kabisa.